Mwanangu Aliposhinda Tuzo, Alinishukuru Kama Marehemu

Admin, nifichie jina, Voi ni ndogo. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha, na kama kuna atakayemtambua kijana wangu, naomba asimtaje. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, fundi wa nguo. Nina binti anayesoma chuo, na huyo kijana, ana miaka ishirini na saba, ni mwanamuziki Nairobi.

Kabla ya tuzo za kitaifa za muziki alinipigia simu akaniambia ameteuliwa, wimbo bora wa mwaka. Wimbo wenyewe ni ule wa kumsifu mama. Unapigwa sana kwenye matanga. Mimi mwenyewe niliusikia kwenye mazishi Mwatate, watu wanalia, nami nimekaa pale najivuna kimoyomoyo kwamba mama anayeimbwa ni mimi. Akili zangu hizi hazikuniuliza hata mara moja mbona unapigwa matangani.

Akaniomba nimshonee koti la kuvaa siku hiyo. Mwenzake akampima kwa tepu, akanitumia kipimo cha kifua ambacho nilijua si chake. Nikakata kwa kipimo ninachokijua mimi, nikatia bitana ya kitenge, nikalituma na basi. Akaniambia limemkaa vizuri sana.

Jumamosi ya tuzo stima ilipotea Voi nzima, kwa hivyo tuliangalia marudio Jumapili baada ya kanisa. Akina mama wa kikundi changu walikuja na chapati, jirani yangu Mama Saumu akaleta mahamri. Jina la kijana lilipotajwa tulipiga vigelegele mpaka watoto wa nje wakaja kuchungulia. Akapanda jukwaani na koti langu. Niliona tundu la kifungo cha pili limevutika kidogo, nikajilaumu.

Akashika kola, akasema, "Hili koti ndiyo kitu ya mwisho mum alinishonea kabla Mungu amchukue. Mum, najua unaniona kutoka huko juu." Ukumbi mzima ukasimama. Watu wanapangusa machozi.

Kwangu, Mama Saumu ndiye aliyefungua mdomo: "Ewe shoga, mwanao kamzika nani?" Binti yangu akapunguza sauti ya televisheni. Mimi nilichouliza ni nani hajapata chai. Sikuwa na hasira wala machozi. Mpaka leo sijalia.

Sasa hapa ndipo ninapotubu. Kati ya waliokuja kulikuwa na mama mmoja, mgeni kanisani kwetu, akanishika mkono polepole, akasema, "Kumbe wewe ni mama wa kambo? Pole, sikujua." Nikamjibu, "Ndiyo." Mama Saumu akanitazama asiamini, binti yangu akatoka nje. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nafikiri sikutaka mtoto wangu aitwe mwongo ndani ya nyumba yangu. Kufikia Jumanne sokoni nilikuwa mama wa kambo kamili. Muuza mboga mmoja akanisifu kwamba nimemlea kama wa kumzaa mwenyewe. Nikamshukuru.

Jumatano kijana akapiga simu. "Mum, si mimi nilianza. Interview ya kwanza kabisa presenter aliniuliza kama mum alishaaga dunia, nikashindwa kuongea juu ya nerves, akadhani nalia. Story ikatoka hivyo. Watu wakaipenda hiyo ngoma, nikanyamaza. Saa hii nikisema ukweli wananimaliza."

Ningemgombeza, maana mdomo ninao na yeye anaujua. Nikamuuliza kama amekula.

Akasema watu wa televisheni wanakuja kupiga picha za maisha yake, hapa nyumbani Voi, milimani kwetu, na mahali mama yake alipozikwa. Akaniomba niende kwa dada yangu Taveta siku tatu.

"Nimezikwa wapi?" nikamuuliza. Niliuliza hivyo kabisa, kwa sauti ya kawaida.

"Pale kwa nyanya yako."

Kwetu Taita mtoto wa kike hurithi jina la nyanya yake. Mimi nilipewa la mama mzaa baba, na lile la ubatizo pia. Kaburi lake liko nyumbani kwetu upande wa Wundanyi, jina langu limeandikwa kwenye simiti, na mwaka umeshafutwa na mvua. "Jina ni lako, mum," akaniambia. "Si hata ni uongo sana. Na ukipata nafasi kabla uende Taveta, pitia ung'oe nyasi kidogo. Kwa kamera itakaa ni kama tulikutupa."

Nilienda, ndugu zangu. Jumamosi nilibeba jembe na brashi, nikang'oa nyasi, nikafagia, nikasugua simiti mpaka jina likasomeka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akanibariki kwa kukumbuka waliotangulia. Nikasema amina, nikaendelea kusugua.

Wanakuja Alhamisi hii. Dada yangu ameshanitandikia kitanda, anajua naenda kupumzika tu. Nikienda, kijana atabaki na tuzo yake na riziki yake, na mimi nitakuwa nimekubali kufa. Nikibaki, watanikuta mlangoni kwangu na cherehani, mzima, na kila alichokijenga kitaanguka siku hiyo hiyo. Binti yangu anasema nibaki. Mama Saumu anasema nibaki na nivae dera jipya. Lakini wao si mama yake.

Msinitukanie mtoto, hilo sitalivumilia. Nipeni ushauri tu, niende Taveta au nibaki? Maana nikienda, siku nitakayokufa kweli mwanangu hataweza kuja kunizika.