Matango Palipokuwa na Kahawa

Baba yangu hakuwahi kumuuliza mtu jinsi ya kupanda kitu. Watu ndio waliomuuliza yeye. Alizaliwa kwenye kahawa, juu kidogo ya Tengeru, katika kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake, na majirani walipotaka kupanda mibuni walimwita kwanza aje aitazame miche. Aliichukua mmoja mmoja, akaukung'uta udongo ukaanguka wote, akauinua mzizi mkuu juani. Mche wenye mzizi uliojikunja aliutupa bila huruma. "Huu utakusumbua mpaka wajukuu zako," alimwambia mwenye shamba. Ulionyooka aliukata ncha kwa kisu chake kidogo, akapunguza majani nusu kwa nusu, kisha ukaingia shimoni. Miche aliyoipanda hivyo ilishika. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani baba hakujua kazi.

Kisha likaja soko huria. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, nakaa mjini, Sakina, nyumba imebanwa katikati ya gereji mbili, na habari za nyumbani nilizipata kwa vipande. Nilisikia chama cha ushirika kimelegea. Nilisikia dawa ya mibuni sasa inauzwa madukani, na baba hakuiamini dawa ya dukani. Wakaja wanunuzi binafsi, vijana wenye mizani yao nyuma ya pikapu, wakawa wanaipekua kahawa yake kwa vidole kama watu wanaochambua mawe kwenye mchele. Alivumilia misimu kadhaa. Halafu siku moja akaingia shambani na shoka na sururu, akaing'oa mibuni yote, na wa mwisho ulikuwa ule alioupanda mwaka aliomwoa mama. Hakukubali kusaidiwa. Alipomaliza akawa hapiti tena nyuma ya nyumba, ambako jua sasa lilipiga mpaka chini.

Mama alipita. Mama alikuwa mtu wa kupita popote. Kahawa ilipoanza kuyumba alikwenda kufanya kibarua kule chini, kwenye nyumba za nailoni za wageni waliokuwa wakilima mboga, na baba alikasirika. Mke wa mkulima wa kahawa kwenda kumwagilia matango ya watu! Yeye tango hakulihesabu kuwa chakula. Aliliita maji yaliyovaa ganda. Mama alicheka tu, akaenda, akarudi na mbegu kidogo alizopewa na msimamizi wake, akazifunga kwenye pindo la khanga. Lile eneo tupu nyuma ya nyumba akaliomba.

"Lichukue," baba akamwambia. "Mimi sina kazi nalo."

Hivyo ndivyo matango yalivyokuja kukaa palipokuwa na kahawa. Mama aliotesha miche yake kibarazani, ndani ya vikopo alivyovikunja kwa maganda makavu ya mgomba na kuvifunga kwa kamba ya maganda yale yale. Kule kwenye nailoni walitumia vikopo vya plastiki. Yeye akasema plastiki ya nini wakati migomba imejaa uani. Msimu wa kwanza yalizaa. Msimu wa pili yalizaa zaidi, na akina mama wa sokoni Tengeru wakawa wanamwagiza. Baba alikuwa akila ugali wake huku akilitazama bakuli la kachumbari kama mtu asiyemjua mgeni aliyeketi mezani, na hakuligusa.

Mwanzoni mwa mvua za vuli za mwaka uliofuata, tumbo la mama likaanza kuvimba. Tulimpeleka hospitali. Daktari alizungumza na baba pembeni, kwa upole, akamwambia amrudishe nyumbani akapumzike. Sote tulielewa ni kupumzika gani. Nilimwacha mume wangu Sakina, nikapanda kwenda kumuuguza.

Kabla hajazidiwa mama alikuwa ameotesha miche ya msimu ule. Nilipofika niliikuta kibarazani, kila mmoja na majani yake mawili ya mwanzo, na jingine la kweli, lenye meno meno, limeshachomoza. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Maumivu aliyanyamazia, ila kuhusu miche hakunyamaza. Alisema ikichelewa kwenye vikopo itadumaa. Alitaka kujua kwamba imehamishwa na imeshika, basi. Sikumsikia akiomba kitu kingine kwa Mungu wala kwa binadamu, hata mwinjilisti alipokuja kumwombea alimkatiza ili amuulize kama nje kuna upepo.

"Nitaihamisha mimi," baba akasema.

Mama alimtazama. Mwanamume huyu hakuwa amekanyaga lile shamba tangu aitupe sururu. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akafumba macho.

Ningependa kusema niliona kosa. Sikuona chochote, niliona baba anafanya kazi, na kwa jinsi alivyokaa ndani muda mrefu, nilifurahi mpaka nikasimama mlangoni na sufuria mkononi nimtazame. Alichimba mashimo makubwa, mapana, kila moja mbali na jirani yake. Akajaza samadi iliyooza vizuri. Kisha akaketi kwenye kigoda, akachukua kikopo cha kwanza cha mama, akakifungua ile kamba taratibu. Kwake yeye mzizi uliofungiwa ni mzizi utakaojikunja. Akaukung'uta udongo ukaanguka wote. Akauinua mzizi juani, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Akakata ncha. Akapunguza majani nusu kwa nusu. Alifanya hivyo kwa miche yote, bila haraka, na kwa usafi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Mwisho akaufunika kila mmoja kwa majani ya migomba, kama inavyofanywa kwa mibuni michanga.

Akanawa mikono, akaingia chumbani. "Nimeyahamisha, mama yao."

"Yatashika?"

"Yatashika."

Walizungumza Kimeru, kama walivyozungumza siku zote wakiwa wawili. Kesho yake asubuhi miche ilikuwa imelala. Baba aliimwagilia, akaongeza kivuli, akasema mibuni nayo hulala siku za mwanzo kabla ya kuamka. Jua lilipopanda nilimwona ameinama juu ya mmoja, anauinua kwa kidole, na alipotoa kidole ukaanguka. Siku iliyofuata ilikuwa imekauka yote. Hakuna hata mmoja uliobaki wa kumfariji mtu.

Chumba cha mama kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama migomba ya mbele. Nyuma asingeweza kuona. Kila aliposikia hatua za baba aliuliza: "Yameshika?"

"Bado yanajitafuta," baba alijibu. Au alisema leo kuna jua kali. Akiombwa ambebe akaone mwenyewe, alisema upepo wa mlimani ni mbaya kwa mgonjwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na uongo haukumkaa vizuri mdomoni. Alikuwa akitoka mle chumbani anakwenda kusimama nyuma ya zizi, na mimi nilijifanya nina vyombo vya kuosha upande mwingine. Nilimwonea huruma nikashindwa kumwambia kwamba namwona. Tulikuwa tunampoteza mama, na juu ya hilo baba alikuwa amemuulia kitu pekee alichokitaka, kwa mikono yake, akifanya hivyo kwa uangalifu wote aliokuwa nao.

Mbegu zilizobaki zilikuwa kwenye pindo la khanga, na khanga alikuwa amejifunga. Nilizitoa asubuhi nikimwogesha. Sikujua kama aliona. Baba alikunja vikopo mwenyewe, vibaya, vikubwa mno, akaviweka nyuma ya banda la kuku mahali ambapo hata mgeni asingevitaja kwa bahati mbaya. Mbegu za matango hazichelewi kuota. Majani yalipotokea, baba akawa anavizunguka vile vikopo asubuhi na jioni, na nilijua hajui afanye nini tena. Nilimwambia tumwite mmoja wa akina mama waliokuwa wakifanya kibarua na mama. Alitikisa kichwa.

"Nitamuuliza mwenyewe."

Aliingia na kikopo kimoja mkononi, udongo unamwagika mkekani. Nilikuwa nimemwinua mama kwa mito miwili. Baba akaketi kitandani kwenye miguu yake, mtu yule ambaye hakuwahi kumuuliza mtu, akasema polepole, "Mama yao, hebu nifundishe. Hivi nyie mnauhamishaje?"

Mama aliutazama ule mche. Ulikuwa na majani mawili tu na kidokezo cha la tatu. Yeye ndiye aliyeotesha ile ya kwanza. Kwa hesabu yake matango yake yalitakiwa sasa yawe yanapanda kamba. Kisha akauacha mche akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, mpaka nikageukia dirishani. Aligundua yote.

"Lete mkono," akasema.

Akamwonyesha juu ya blanketi. Unamwagilia kikopo kwanza, udongo ushikamane. Unangoja jua lilegee. Shimo liwe la ukubwa wa kikopo, si kaburi. Usishike shina, ukilibonyeza limekwisha. Kikopo usikifungue, kizike kama kilivyo, ganda litaoza lenyewe na mizizi itapata njia yake. Usikung'ute. "Tango si kahawa," alisema, bila kumsimanga. "Kahawa inataka uujue mzizi wake. Tango halitaki hata uuone." Mkono wa baba ulikuwa chini ya mkono wake, na vidole vya mama vilikuwa vimekonda mpaka pete ya ndoa ilikuwa imefungwa kwa uzi isianguke.

Jioni ile ile baba alipanda. Hakukata, hakukung'uta. Niliona anakishusha kila kikopo shimoni kwa mikono miwili. Na tangu hapo mama akarudia kuuliza, kana kwamba ile miche ya kwanza haikuwahi kuwapo: "Yameshika?" Sasa baba alijibu ukweli. "Bado, lakini yamesimama." Nilipenda kusikia anavyolitamka hilo neno, yamesimama. Yalisimama kweli. Mvua nyepesi ilinyesha, ikaacha.

Mama alianza kupotea wiki hiyo. Alilala sana, na akiamka aliniita jina la dada yake aliyekufa zamani. Baba alikuwa akiamka alfajiri kwenda kutazama, kwa sababu alitaka kuwahi. Asubuhi moja nikamwona anatoka nyuma ya nyumba karibu akimbie, mzee mzima na gambuti zake. Miche ilikuwa imetoa jani jipya, yote, na mmoja ulikuwa umetoa kikono chembamba kinachotafuta pa kujishika. Aliingia chumbani bila kuvua viatu, jambo ambalo mama hangemruhusu.

Mama alikuwa macho. Alimtambua. Aligeuza kichwa kabla baba hajafungua mdomo, akamuuliza kwa sauti yake ya zamani, ya mwanamke mwenye kazi nyingi asubuhi:

"Kahawa imechanua?"

Baba alisimama pale pale mlangoni. Tope lilikuwa likimdondoka kwenye buti. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mbuni hata mmoja, na aliyeing'oa ni yeye. Nilidhani atamwambia habari ya matango, kwa maana hiyo ndiyo aliyokuwa ameibeba.

"Imechanua," akasema. "Nyuma kote kumekuwa kweupe."

"Nasikia harufu," mama akasema.

Alifariki jioni ya kesho yake. Hakuuliza tena habari ya matango, na baba hakumwambia.

Watu wakajaa. Kamati ya mazishi ikakaa, vijana wa ukoo wakaleta turubai na miti ya kulisimamishia. Kihamba chetu ni migomba mitupu, na mahali pa wazi palikuwa pale tu, nyuma ya nyumba. Walianza kupima kwa hatua. Mmoja alikuwa ameshachomeka mti wa kwanza pembeni, wa pili akaubeba kuelekea katikati, ndipo baba aliponyanyuka kwenye kiti ambacho hakuwa amekiacha tangu asubuhi. Wazee wakamfuata, wakidhani amezidiwa. Akaenda akasimama mbele ya yule kijana.

"Hapo hapana," akasema.

Mjomba wangu, kaka yake mama, akamwambia kwa heshima kwamba ni matango tu, shemeji, na watu watanyeshewa. Wengine wakatazamana. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba huyu bwana mke amelala ndani na yeye anahurumia mboga. Niliumia, lakini sikuwa na namna ya kuwaeleza watu wote wale.

Turubai lilifungwa kwenye migomba, limepinda upande mmoja, na siku ya maziko watu walinyeshewa kweli. Lakini pale nyuma baba alibaki amesimama mpaka vijana wakaing'oa ile miti na kuondoka nayo. Akainama, akaurudisha udongo mahali mti ulipokuwa umechomekwa, karibu na mche wa mwisho.

"Hapo hapana," akarudia, na sasa hakuwa akimwambia mtu. "Ndiyo kwanza yameshika."