Nafasi ya Mama

Leo gereji wanaziba bampa ya gari langu kwa faiba. Harufu kali ya gundi yake imenirudisha Kitangari, uani kwetu.

Mama alikuwa amekwenda kwao pwani. Baba akaleta bodi iliyopasuka ya pikipiki ya maji, kwa lori la mitumba kutoka Mtwara, akawa anaikarabati.

“Baba, huku hata maji ya kunywa tunayafuata bondeni.”

“Tutashuka nayo baharini. Ilikuwa ya kubeba mtu mmoja tu, anaendesha amesimama. Nimeirefusha nyuma, nikatengeneza kiti, mama yako akae.”

Barua ya mama, niliyopewa shuleni, ilisema harudi tena. Nilimwacha baba kwanza amalize kupaka gundi, ikakauka, ndipo nikampa.

Aliisoma, akaikunja, akachukua msasa, akaendelea kulainisha kile kiti.