Sanda Isiyo na Mshono

Juzi, katika duka moja Ruangwa mjini, niliona sanda zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, zimepangwa karibu na sabuni. Nikamkumbuka Mzee Amisi, mfumaji aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma akahamia kwetu Nkowe.

Siku hizo vitambaa viliadimika madukani, na maiti walizikwa kwa magunia. Mtambo wake wa kufumia ulitoa vitambaa vyembamba vya kuunganisha. Akaubomoa, akaunda mwingine wa miti, mpana kama mlango, ili sanda isiwe na mshono.

Asubuhi moja mdogo wangu Zuhura alikuwa hoi kwa surua. Chumbani kulinuka mwarobaini, na uani kwa Mzee Amisi mtambo uligonga bila kupumzika. Baba alisimama pale, nami nyuma yake.

"Mzee Amisi, utawahi?"

"Muombe Mungu nisiwahi, Bwana Saidi."

Nilishangaa mtu mzima kuombea kazi yake isiishe. Nilidhani ni shuka la Zuhura. Nikakimbia ndani kumwambia, "Shuka lako jeupe linakaribia kwisha!" Akatabasamu. Mama akageukia ukutani.

Tulimzika siku hiyohiyo kabla ya magharibi, ndani ya kitambaa kimoja kizima. Alhamdulillahi, alisitirika. Nimeshukuru hivyo maisha yangu yote, na uchungu haujaisha.

Asubuhi iliyofuata nikasikia mtambo unagonga tena. Nikaenda. "Hii ya nani, babu?"

"Nenda nyumbani, mjukuu wangu," akasema bila kuinua macho.

Nyuma yake, mkekani, mjukuu wake wa damu alikuwa amelala, uso umejaa vipele.