Mzigo wa Kukimbia Nao

Asubuhi ile tulipokuwa tukisubiri matokeo ya kura, jirani yangu hakuanika omena zake, wale dagaa wa ziwani. Alikuja na beseni tupu, akasimama mlangoni kwangu bila kubisha. Tuliishi ploti moja huko Kisumu Ndogo, Kibera, mlango wake ukitazamana na wangu, mwaka wa nne sasa. Yeye na mume wangu ni watu wa ziwa. Mimi ni wa Kitui. Siku za kawaida jambo hilo halikuwa na uzito, ila kunitania kwamba mkono wangu hauwezi samaki.

"Nyathina," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, yaani mwanangu. "Enda kwa mamako siku mbili tatu. Sisi hapa tunakujua. Lakini wakija wa kutoka mbali, hao hawakujui."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyesema kitu. Akasema hapana, lakini alisema hivyo akiangalia njia, si uso wangu.

Mume wangu alikuwa kwenye mjengo, kazi ya ujenzi, Eldoret, na simu yake haikuwa ikishika. Binti yetu alikuwa na miezi minane. Nilivuta begi kubwa kutoka chini ya kitanda nikaanza kulijaza: blanketi, sufuria mbili, pasi, viatu vya kanisa, pazia jipya ambalo sikuwa nimelitundika hata siku moja. Kila nilichokitazama kilinitia huruma. Begi likakataa kufunga zipu. Nilikuwa nimeliwekea goti juu mama aliponipigia simu kutoka Kabiro, Kawangware.

"Umebeba nini?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

Nikamtajia. Mama aliwahi kukimbia, kwenye kura za zamani, tukiwa tumepanga kwingine. Alikimbia amekumbatia redio, akaacha vyeti vyetu vyote ndani ya nyumba iliyoungua.

"Toa vyote," alisema. "Kitu cha kushika kwa mkono usibebe. Watu wakianza kukimbia, utashika sufuria badala ya mtoto. Vaa raba, zile za kamba. Vaa suruali ndani, juu sketi pana. Blauzi mbili, sweta. Kitambulisho na cheti cha mtoto funga kiunoni. Mtoto mgongoni. Basi."

"Na nguo zake?"

"Za kubadilisha mara mbili. Na unga wa uji. Haya, toka sasa hivi jua likiwa juu."

Nilibakiza kibegi kidogo cha mgongo, ila kwa kuwa mgongo ulikuwa wa mtoto, nilikivaa kifuani. Ndani mlikuwa na nepi, sweta ya mtoto, kofia, chupa, na unga kwenye mkebe. Vyeti nilivifunga kiunoni kwa kitambaa. Kitabu cha kliniki cha mtoto kilikuwa kipana, kilinichoma tumboni kila nikiinama, kwa hiyo nikakisukuma chini ya nepi. Nilimpa jirani ufunguo. Akalikaza fundo la leso ya mtoto begani mwangu mpaka nikaguna, akanisukuma kidogo niende.

Magari hayakuwepo. Nilipandia Makina, nikatokea Ngong Road, nikafuata lami. Sijawahi kuiona barabara ile tupu namna ile. Maduka yalikuwa yamefungwa, na watu wachache niliopishana nao walitembea karibu na ukuta, macho chini. Nilivaa nguo nyingi, jasho likanishuka mpaka kwenye soksi, lakini sikuthubutu kusimama kuvua sweta. Kila pikipiki iliponguruma nyuma nilihesabu hatua mpaka ipite. Mtoto alikuwa amelala, na uzito wake ndio uliokuwa ukinishikilia nisikimbie ovyo.

Nilipita Dagoretti Corner, nikaingia Naivasha Road. Karibu na mahali pa kukata kuingia Kawangware nikaona moshi. Tairi lilikuwa linawaka katikati ya barabara, na mawe yamepangwa kutoka ukingo hadi ukingo. Vijana kama kumi. Nilitaka kugeuka, lakini walikuwa wameshaniona, na anayegeuka hujishtaki mwenyewe.

"Mathe, simama hapo. Unatoka wapi?"

"Kibera," nilisema. Uongo haukunijia haraka.

"Kibera gani? Wewe ni wa wapi?"

"Kitui. Naenda kwa mamangu hapo Kabiro."

Wakatazamana. Nilijua wao ni wa upande gani wa kura, na nilijua mume wangu anahesabiwa upande wa pili, hata kama siku hiyo alikuwa mbali akipiga plasta ukuta wa mtu. Mmoja mwenye kofia nyekundu akanizunguka, akafunua leso kidogo kwa ncha ya rungu, akamwangalia mtoto.

"Mtoi anaitwa aje?"

Binti yangu ana jina la nyanya yake mzaa baba, jina la ziwani ambalo mtu akilisikia hahitaji kuuliza swali la pili. Nilifungua kinywa nikataja jina la mama yangu. Lilitoka laini kabisa, kama ndilo nililomwita tangu azaliwe.

"Fungua bag."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitabu. Kwenye jalada, muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu nzito jina la mtoto, na chini yake jina la baba. Aliyekuja kupekua alikuwa mkubwa kuliko wenzake, amevaa ovaroli ya fundi wa magari, vidole vyeusi kwa grisi. Alitoa sweta, akatikisa mkebe wa unga, akaingiza mkono chini ya nepi. Akatoa kitabu.

Alikisoma. Niliona macho yake yakienda kwenye jina, yakarudi, yakapanda usoni kwangu. Nilisikia haja ndogo ikinitoka ndani ya suruali, na sikuweza kuizuia.

"Iko nini?" yule wa kofia aliuliza.

"Vitu za mtoto tu," alisema. Akakirudisha kitabu chini kabisa, akapanga nepi juu yake, akafunga zipu. "Wacha apite. Ni mama na mtoto."

Alinisindikiza hatua kadhaa kupita mawe. Bila kunitazama akasema chini kwa chini, "Hicho kitabu kitoe hapo. Mbele kuna wengine, na hao mimi siwajui." Nilipofika kwenye kichochoro nililichana lile jalada, nikakitafuna kipande chenye majina mpaka kikawa uji, nikakitema.

Mama alinipokea mlangoni akamfungua mtoto mgongoni kabla hajaniuliza lolote. Nilikaa siku sita. Siku mbili za kwanza kulikuwa na kelele na moshi wa kutoa machozi, tukakaa chini sakafuni mbali na dirisha. Kisha maduka yakafunguka moja moja, na nikarudi Kisumu Ndogo. Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha. Jirani alikuwa amelala kwenye kitanda changu kila usiku kwa siku zote sita, akiilinda.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia yote isipokuwa lile swali la jina. Hilo lilinichukua miezi. Nilipomwambia hatimaye, alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe, akamchukua binti yake, akatoka naye nje. Nikamsikia akimwita kwa jina lake, polepole, mara nyingi, na mtoto akicheka kila mara akiitwa.