Mjomba Alishuka wa Kwanza

Mbwa akilowa mvua na kujipenyeza jikoni, watu wengi humfukuza. Mimi humwacha alale karibu na moto, kwa sababu harufu ile ya manyoya mabichi hunitoa hapa Mbinga, kwenye baridi na kahawa, ikanishusha hadi Lundo kando ya ziwa, nikiwa msichana wa miaka kumi.

Kila likizo ya mwezi wa sita mama alinipeleka kwa kaka yake, Mjomba Gaudensi. Nilikuwa mtoto wa milimani, sijui kuogelea, na niliamini ugali wa muhogo ni adhabu. Lakini mjomba alikuwa na mtumbwi na mbwa wawili: Popi, jike mwekundu asiyetulia, na Sijali, dume mzee aliyelistahili jina lake.

Kiangazi kile upepo wa mwera ulivuma vibaya, mawimbi yakapasua mitumbwi miwili pale ufukweni. Mjomba akaamua kutafuta mahali patulivu pa kuegesha, ndani ya mdomo wa mto, kusini kidogo ya kijiji. Basi kila asubuhi, kabla upepo haujaamka, tuliondoka sisi wanne: mjomba nyuma na kasia, mimi katikati nikichota maji ya mtumbwini kwa kopo, Popi mbele kama nahodha, na Sijali amelala juu ya miguu yangu.

Mtoni matete yalisimama pande zote, na katikati yake mlikuwa na vijia vya maji vilivyoishia kwenye vighuba vidogo vya mchanga mweupe. Tukifika kimoja, mjomba alisema, "Kaeni." Kisha alishuka peke yake, akayapigapiga maji kwa kasia, akazunguka huku na kule, ndipo akatuita. Jambo hilo liliniudhi sana. Niliona anajiwekea yeye utamu wa kuacha nyayo za kwanza.

"Mjomba, kwa nini kila mara wewe?"

"Mwenye mtumbwi ndiye anayeshuka kwanza."

"Na mimi je?"

"Ukinunua wako."

Siku ya tano tulifika kighuba kilichovipita vyote kwa uzuri, maji yamelala kama kwenye beseni. Mtumbwi haujagusa mchanga, nikaruka. Maji yakanifika magotini. Popi akaruka nyuma yangu kwa furaha, halafu akakauka ghafla, akayangurumia matete. Sijali, ambaye sikuwahi kumsikia akibweka, akabweka. Nikaona gogo linajisogeza.

Sikumwona mjomba akishuka. Nilimwona tu amesimama kati yangu na mamba yule, anayachapa maji kwa kasia na kupiga kelele kwa Kinyasa. "Panda! Panda!" Nilipanda, sijui vipi, Popi akaniangukia mgongoni. Mamba akazama. Mjomba akarudi kinyumenyume hadi mtumbwini.

Nilijikunyata kungoja kibao. Hakikuja. Kasia lilimponyoka mjomba, nikalishika mimi. Nilipiga kasia ovyo, tukazungukazunguka, mpaka tukatokea ziwani. Mjomba alikuwa amemkumbatia Sijali. Nyumbani alimwambia mkewe kitu kimoja tu: "Huyu mtoto anajua kupiga kasia."

Nilikuwa mtu mzima nilipowasikia wavuvi wakisimulia kwamba mahali pageni humtupa mbwa majini kwanza, waone kama kuna mamba. Nikamuuliza mke wa mjomba kama mjomba naye alifanya hivyo.

"Gaudensi? Alikataa katakata. Alisema mbwa hakuomba kuletwa."

Siku zote zile nilizonuna mtumbwini, nikidhani ananidhulumu mchanga, mtu yule alikuwa anatupimia maji kwa miguu yake mwenyewe, mimi na mbwa wake.

Mwaka jana nilishuka Lundo na binti yangu. Mjomba sasa anatembelea fimbo. Baada ya shikamoo nilimwambia asante, nikamwambia na ya nini, maana alikuwa ameshasahau.

"Na mimi nilidhani wewe huogopi kitu," nikaongeza.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Niliogopa kila mara, mama. Miguu ilikuwa inakataa kabisa. Nilikuwa naikokota tu."