Sisimizi wa Wageni

Nilipokuwa bado naogeshwa kwenye karai uani, kwetu Mitaboni, nilishajua kwamba chungu hawafanani. Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba, alikuwa amewagawa kwa habari wanazoleta. Sungusungu weusi wakihamisha mayai, mvua iko karibu. Sisimizi wadogo wa kahawia, wale wa mkebe wa sukari, wanatangulia mgeni. Lakini siafu wakiingia chumbani na kufuata kitanda cha mtu, mtu huyo ataondoka. Ukimuuliza Susu ataondoka kwenda wapi, anakutuma kuni.

Mdogo wangu Mwende ndiye aliyerithi elimu hiyo, akaiongezea ya kwake. Hata darasa la kwanza alikuwa hajaingia, lakini alilala kifudifudi vumbini akikagua viuno vya chungu mpaka Mama ampigie kelele.

"Huyu ako na fundo moja," ananiambia. "Huyu ako na mawili. Hawa si ndugu."

Mimi, mkubwa wake, nilikuwa naona vidoa vinavyotembea tu.

Kiangazi kimoja Mwende alianza tena kukojoa kitandani. Siku za kwanza Mama alimfokea, kisha akachoka, akawa anaanika godoro juani tu. Mwende alijawa na aibu. Alikuwa akinywa maji kikombe juu ya kikombe, kama mtu aliyetoka kulima, na gauni lake likaanza kumpwaya. Tulisema anarefuka, na mtoto akirefuka si lazima akonde?

Asubuhi moja Susu aliingia chumbani kwetu akasimama ghafla. Mstari wa chungu ulikuwa umeingia dirishani, umeshuka ukutani, na unapanda kitanda cha Mwende. Uso ukamshuka.

"Mwende, mwana wakwa," aliita polepole, "macho yangu yameisha. Kuja uniangalilie hawa ni gani."

Nakumbuka Mama aliacha kuchambua maharagwe, akaja kusimama mlangoni. Sote tulijua kinachoulizwa. Mwende alipiga magoti, akampandisha mmoja kwenye ukucha, akamgeuzageuza kwenye mwanga.

"Si siafu, Susu. Siafu hawana macho. Huyu ako na macho, na kiuno iko na mafundo mawili. Ni wale wa sukari." Kisha akaruka juu. "Ni wa wageni! Baba anakuja!"

Baba alikuwa akifanya kazi kiwandani huko Athi River, na tulikuwa hatujamwona kitambo. Susu aliketi kitandani akacheka hadi machozi, akimshukuru Mungu kwa Kikamba. Mama naye akacheka. Mwende alikwenda jikoni, akajaza kikombe sukari, akakifunika kwa kisahani, akamwomba Mama amwekee juu ya kabati. Ilikuwa ya mgeni, asiiguse mtu. Hata yeye hakuilamba, na vile alivyopenda sukari!

Hakukosea. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Aliwatambua sawasawa, tena kwa sauti, sote tukimsikia.

Kabla ya wiki kuisha alishindwa kuamka. Alikuwa akihema kwa kasi, na pumzi yake ilinuka mapera yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini Machakos daktari mmoja kijana alihangaika naye mchana kutwa, na jioni akatoka kutuambia kwamba amekwenda. Alisema ulikuwa ugonjwa wa sukari. Kisha akauliza kwa upole kama hatukuona chungu wakifuata mkojo wa mtoto.

Ni Susu aliyesema, "Tuliwaona, daktari. Yeye mwenyewe alituambia ni wa sukari."

Siku hizi binti yangu akiona chungu huwaelekezea simu, nayo humtajia jina refu la kigeni. Hufurahi kama Mwende. Mimi hungoja amalize, kisha namuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza asubuhi ile: wamefuata nini hapa? Sijui kama lingemwokoa mdogo wangu. Kuna siku naamini lingemwokoa, na siku hizo huwa siwezi kula.

Susu hakusema tena habari za chungu hadi alipofariki. Hata hivyo, kwenye matanga ya Mwende wageni walikuja. Baba alitangulia, na begi lake la kazini begani, kisha wakafika jamaa wa Kathiani na wa Ndithini, wakajaa uani. Chai ilipochemka, sukari ya nyumba ilikuwa imeisha. Susu alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kile kikombe, akaondoa kisahani. Kisha akaimimina yote kwenye sufuria, kwa sababu ilikuwa ya wageni.