Uji wa Adui

Nikisikia harufu ya uji uliochacha, hata leo, namwona mama akishuka mteremko na kibuyu chake.

Jumapili hiyo mhubiri alikuwa ametufundisha kuwapenda adui zetu. Mama alirudi nyumbani amefura. "Ati nimpende yule!" Yule alikuwa jirani yetu, askari wa mkoloni zamani, aliyechoma nyumba yetu kabla ya uhuru. Sasa alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyemtembelea.

Mama akafagia uwanja ambao ulikuwa safi tayari. Kisha akajaza kibuyu uji, akanishika mkono tukaenda.

Jirani alikitazama kibuyu, asikiguse. Nilijua anaogopa sumu. Kwetu, mwenye uji huonja kwanza ili mgeni atulie. Mama hakuonja tu, alipiga mafunda makubwa, akapangusa mdomo, akampa.

"Kunywa, mzee. Mimi sijakupenda bado. Lakini aliyenituma hakuniuliza."

Mzee alikunywa mpaka akamaliza.

Tukirudi, nilikibeba kile kibuyu kitupu kichwani, nikapita katikati ya barabara, watu wote waone mimi ni mtoto wa nani.